Mdomo wa Bomba la Stenlesi

Bomba la stenlesi hununuliwa kwa ajili ya ngozi yake. Chini ya ngozi hiyo, sehemu kubwa ni chuma kile kile kinacholiwa na kutu kwenye mageti na mabati. Katika aina inayotumika zaidi, ile ya 304, karibu asilimia 70 ni chuma, asilimia 18 ni kromi na asilimia 8 ni nikeli. Kromi ikifika asilimia 10.5 hivi, huungana na oksijeni ya hewani na kujenga utando wa oksaidi wenye unene wa nanomita chache tu. Jicho haliuoni. Ukikwaruzwa hujijenga upya wenyewe, ilimradi uso ni safi na hewa inaufikia. Kampuni ya Krupp, kule Essen, Ujerumani, iliomba hataza ya chuma chenye kromi na nikeli mwaka 1912. Mwaka uliofuata Harry Brearley, akifanya kazi Sheffield, Uingereza, alitengeneza chuma cha kromi ambacho asidi za maabara zilipata tabu kukila. Zaidi ya miaka 100 baadaye fundi bado anafanya biashara na utando huo huo, na kazi yote ya kuandaa mdomo wa bomba kabla ya kuchomelea inabeba swali moja: mahali panapokatwa, kusagwa na kuyeyushwa, ngozi itarudi ilivyokuwa au haitarudi?

Afrika Mashariki mabomba haya hukutwa zaidi panapopita kitu cha kunywa au kuliwa: viwanda vya maziwa vya Tanga na Eldoret, vya bia vya Dar es Salaam na Nairobi, vya samaki vya Mwanza na Kisumu, na viwanda vya dawa. Humo ndani bomba halioshwi kwa kufunguliwa. Hupitishiwa soda kali ya moto, kisha asidi ya naitriki, kisha maji, na kesho hivyo hivyo. Mshono wenye ufa au uvungu kwa ndani huhifadhi mabaki ya maziwa ambayo soda haiyafikii, na bakteria hawahitaji nafasi kubwa. Pwani kuna adui wa ziada, chumvi ya hewani, kwa sababu kloridi ndiyo inayoutoboa utando wa kromi kuliko kitu kingine cha kawaida. Ndiyo maana karibu na bahari huchaguliwa aina ya 316, iliyoongezewa molibdeni asilimia 2 hadi 3. Hata hivyo, atakayetembea kwenye hoteli za ufukweni, iwe Zanzibar au Mombasa, hatakosa kuona reli za ngazi za stenlesi zenye madoa ya rangi ya chai, na mara nyingi madoa hayo yameanzia kwenye maungio.

Tabia tatu za chuma hiki huamua jinsi midomo yake inavyoandaliwa. Kwanza, hakipitishi joto vizuri. Uwezo wake ni kama theluthi moja ya ule wa chuma cha kawaida, kwa hiyo joto la kukata au kuchomelea hubaki palepale lilipoingia. Pili, hutanuka kwa moto karibu mara moja na nusu ya chuma cha kawaida. Ukijumlisha hayo mawili unapata bomba linalopinda na mwanya unaojifunga fundi akiwa bado anatazama. Tatu, kikikaa kati ya nyuzi 425 na 870 za Selsiasi kwa muda, kaboni iliyomo huinyakua kromi kwenye mipaka ya chembechembe za chuma, na kando ya mshono hubaki ukanda usio na kromi ya kutosha kujilinda. Dawa ya hili la tatu imo kwenye uchaguzi wa bomba lenyewe: 304L na 316L zina kaboni isiyozidi asilimia 0.03 au karibu na hapo, wakati 304 ya kawaida huruhusiwa hadi 0.08. Kwa bomba la kuchomelewa, herufi L si pambo.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kusoma. Bomba halali lina maandishi ubavuni: aina ya chuma, kipenyo, unene, kiwango lilichotengenezewa, na namba ya myeyusho ambayo hulifunganisha na cheti chake. Sumaku haisaidii kutofautisha 304 na 316, maana zote mbili haziivuti, au huivuta kidogo sana zikishapindwa au kukatwa. Maandishi yakikatiliwa mbali na kipande kilichobaki kikarudishwa rafu bila kuandikwa upya, hakuna jicho litakaloweza kukitambua tena. Ukubwa nao una mitego yake. Bomba linaloitwa la inchi 2 lina kipenyo cha nje cha milimita 60.3. Likiwa la daraja la 10S unene wake ni milimita 2.77, na likiwa la 40S ni 3.91. Kiwandani unene huruhusiwa kupungua kwa hadi asilimia 12.5, kwa hiyo ile 2.77 yaweza kuwa 2.42 na bado ikawa halali. Mabomba mawili yenye jina moja yanaweza kukutana mdomo kwa mdomo na yasilingane, na hilo ni bora ligunduliwe kwa kalipa mapema, kabla moto haujaligundua.

Kukata kunaonekana jambo dogo. Gesi ya oksijeni na asetilini, inayokata bamba nene la chuma cha kawaida bila shida, haikati stenlesi. Chuma cha kawaida kinapokatwa kwa gesi, oksaidi yake huyeyuka kabla ya chuma na kupeperushwa. Oksaidi ya kromi huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,400, karibu 1,000 juu ya chuma kinachoibeba, kwa hiyo hubaki imeziba njia. Plazma hukata, na kwa haraka, lakini huacha ukingo ulioungua wenye mavi ya chuma yaliyogandia chini, na ukingo huo lazima usagwe hadi kufikia chuma kisichoguswa na moto. Msumeno wa mkanda unafaa sana, ukiwa na mwendo wa polepole, shinikizo lisilokatika na maji ya kupoozea. Shinikizo ndilo la kuangaliwa. Stenlesi hugumuka inaposuguliwa. Meno yakiteleza juu yake bila kuuma, pale palipoteleza panakuwa pagumu kuliko palipobaki, na pigo linalofuata linakuta ukuta. Fundi anayebembeleza msumeno wake kwa huruma huishia kuua meno.

Karakana nyingi hazina msumeno huo. Zina grenda ya mkononi na diski ya milimita 1, nayo ikitumiwa vizuri hutoa mkato safi kabisa. Kinachoshinda wengi ni kunyoosha mkato kuzunguka kitu cha mviringo. Njia ya zamani bado haijapata mshindani kwa urahisi wake: kipande cha karatasi ngumu au gasketi chenye ukingo ulionyooka, kirefu kupita mzingo wa bomba (kwa bomba la milimita 60.3 mzingo ni karibu 190), huzungushwa na kukazwa mpaka ukingo wake urudi na kujilalia wenyewe. Ukijilalia sawasawa, mstari utakaochorwa kando yake umesimama wima kwa mhimili wa bomba. Ukipishana hata kidogo, karatasi imekwenda upande na huanzwa upya. Kisha diski hupitishwa juujuu kufuata mstari mzima, bila kutoboa, ndipo mkato hufanywa katika mfereji huo kwa kulizungusha bomba kidogo kidogo. Anayetoboa upande mmoja na kwenda moja kwa moja hadi wa pili hupata mkato ulioinama, atakaoufidia baadaye kwa kusaga, na kila milimita anayoisaga inafupisha bomba.

Kalamu ya kuchorea nayo huchaguliwa. Wino na chaki fulani zina kloridi, salfa, zinki au risasi, vitu visivyotakiwa kukutana na stenlesi kwenye moto. Zinki ndiyo mbaya zaidi kati ya hivyo. Huyeyuka kwenye nyuzi 420, na ikiwa majimaji juu ya stenlesi iliyopashwa joto na kukazwa, hupenya kwenye mipaka ya chembechembe na kuipasua. Haihitaji kuwa nyingi. Bomba la stenlesi lililolazwa kwenye stendi ya mabati na kukokotwa huku na huku limeshajipaka ya kutosha kuleta taabu.

Baada ya mkato huja umbo la mdomo, na hapa unene ndio unaoamua. Bomba jembamba, la milimita 3 kurudi chini, kwa kawaida huachwa na mdomo wa mraba. Bomba nene zaidi hukatwa mshazari ili moto na waya wa kujazia vifike mpaka chini. Kiwango cha Marekani cha ASME B16.25 kinataja pembe ya nyuzi 37.5, ikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa 2.5, na ukingo butu wa milimita 1.6 uachwe chini ya mshazari, ukiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa milimita 0.8. Midomo miwili ikikutana huunda bonde la nyuzi 75. Kwa bomba la unene wa 3.91 maana yake ni kwamba mshazari unarudi nyuma chini ya milimita 1.8 tu. Nafasi ni ndogo hivyo, na ukingo butu unabeba sehemu kubwa ya hatima ya mshono. Ukiwa mwembamba kama wembe, huyeyuka na kudondoka ndani kabla bwawa la chuma kilichoyeyuka halijatulia. Ukiwa mnene, moto haupenyi na chini hubaki ufa usioungana. Ukiwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, fundi atalazimika kuubadilisha mkono wake kila sentimita, na wachache wana mkono huo.

Mashine ndogo ya kuchonga inayojishikiza ndani ya bomba hufanya kazi hii vizuri kuliko grenda, kwa sababu inaufuata mhimili wa bomba lenyewe. Grenda hutegemea jicho. Anayetumia grenda husaga kwa miguso mifupi, bila kukaa mahali pamoja, kwa sababu chuma kisichosambaza joto hugeuka rangi upesi: manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha bluu. Rangi hiyo kwenye mshazari ni oksaidi nene iliyoota mahali pa utando mwembamba, na huondolewa kabla ya kuchomelea. Miiba inayobaki kwa ndani baada ya mkato hutolewa kwa tupa au kisu cha kukwangulia, taratibu, bila kuukata ukingo kwa ndani.

Mabomba ya maziwa yana sheria yao. Ni membamba, moja la kawaida lina kipenyo cha milimita 50.8 na unene wa 1.65, nayo huchomelewa kwa mashine inayoizungusha ncha ya tangsteni kulizunguka ungio, bila waya wa kujazia. Chuma kitakachojaza mshono ni cha midomo yenyewe. Kwa hiyo hakuna mshazari wala mwanya. Midomo huchongwa hadi igusane mzingo wote, na mwanga ukipenya mahali popote, kazi hurudiwa. Kuzikata pembe kali za ukingo kwa msasa, jambo ambalo mkono hulifanya wenyewe kwa mazoea, ni kosa hapa, kwa kuwa chuma kilichoondolewa ndicho kitakachokosekana na mshono utabonyea. Humo kuna ajabu nyingine isiyoonekana kwa kipimo chochote cha karakana: mabomba mawili ya 316L, moja likiwa na salfa kidogo sana na lingine nyingi zaidi, zote ndani ya kiwango, hulivuta bwawa la chuma upande wa lile lenye salfa kidogo, na upande wa pili unaweza kubaki haujaungana. Cheti cha myeyusho, kile kinachoachwa ofisini, ndicho pekee kinachoonya kuhusu hilo.

Uchafu wa chuma cha kawaida unastahili kuzungumzwa peke yake, kwa sababu ndio ugonjwa wa karakana zetu. Asubuhi grenda inakata mabomba ya mraba ya geti, mchana diski ile ile inasaga mdomo wa stenlesi. Vumbi la chuma lililonasa kwenye diski hupigiliwa ndani ya uso wa stenlesi, chembe moja moja. Siku hiyo hakuna kinachoonekana, na kazi inang'aa. Baada ya mvua ya kwanza, au wiki chache za hewa ya pwani, chembe hizo hushika kutu, na mwenye mali humwambia fundi kwamba ameuziwa stenlesi feki. Mara nyingi chuma kilikuwa halisi. Kutu iliyoanzia kwenye chembe ngeni huweza kuuzuia utando usijijenge chini yake, na kutoka hapo shimo huanza kuchimbika kwenye stenlesi yenyewe.

Kinga yake ni nidhamu ya vifaa, haina ufundi mwingine. Diski zinazouzwa kwa kazi hii zimeandikwa INOX na kutengenezwa bila chuma, salfa wala klorini ya kuhesabika, lakini maandishi hayo yanaisha thamani diski ikishagusa geti moja. Brashi huwa ya waya za stenlesi, tupa huwekewa alama, na meno ya jiliwa huvikwa mbao, alumini au plastiki. Meza ya chuma hufunikwa. Hata cheche zina safari: anayesaga chuma cha kawaida mita tatu kutoka kwenye midomo iliyo tayari anaipaka kutu ya baadaye bila kuigusa. Penye nafasi, karakana hutenga chumba. Pasipo na nafasi, hutenga siku, na kuna mafundi wanaofagia karakana nzima jioni ili kesho iwe ya stenlesi tupu. Anayetaka kuhakikisha anaweza kupaka mmumunyo wa salfeti ya shaba uliotiwa asidi ya salfuri kidogo na kuuacha ukiwa mbichi kwa dakika 6. Palipo na chuma huru, shaba hujitandaza kwa rangi ya waridi. Kipimo hicho hakifai kwa nyuso zitakazopitisha chakula, kwa hiyo hufanywa kwenye kipande cha majaribio kilichosagwa kwa vifaa vile vile.

Usafi wa mafuta ni rahisi zaidi kuueleza, pengine ndiyo sababu hurukwa. Mdomo hufutwa nje na ndani kwa upana wa milimita 25 walau, kwa asetoni na kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, na kitambaa hubadilishwa mpaka kitoke cheupe kama kilivyoingia. Weupe wa kitambaa ndio kipimo. Mafuta yakibaki huungua na kuwa kaboni, na kaboni ikiingia kwenye bwawa, zile fedha za ziada zilizolipwa kwa ajili ya herufi L zimepotea. Waya wa kujazia nao hufutwa, jambo linalowashangaza wanafunzi, kwa kuwa umetoka kwenye boksi ukionekana safi. Lakini umepita mikononi, na mikono ina mafuta na chumvi. Vimiminika vyenye klorini, hata vikisafisha vizuri namna gani, havitumiki. Mabaki yake yakipigwa na mwanga mkali wa tao la kuchomelea hugeuka fosjini, gesi iliyoua watu kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hewa ya kompresa pia si ya kuaminika, kwani nyingi hupuliza mafuta pamoja na unyevu. Midomo iliyokwisha kufutwa na isiyochomelewa papo hapo huvikwa kofia za plastiki, na kesho yake hufutwa tena hata kama kofia hazikuguswa.

Kisha midomo hukutanishwa. Kwa mshazari, mwanya wa milimita 2 hadi 3 ni wa kawaida, na njia rahisi ya kuupata ni kukunja waya wa kujazia wa milimita 2.4 kama herufi V na kuuweka kati ya midomo mpaka vishikizo vya kwanza, yaani nukta fupi za kuchomelea zinazoishika midomo mahali pake, vipigwe. Waya wenyewe hufuata bomba: ER308L kwa 304L, ER316L kwa 316L, na 309L pale stenlesi inapoungana na chuma cha kawaida. Kinachotazamwa zaidi ni ndani. Midomo ikilingana nje na isilingane ndani, hubaki ngazi inayokamata mabaki na kuuzuia mshono usishike upande wa chini. Viwango vingi vya kazi huruhusu tofauti ya milimita 1.5 hivi, lakini kwa bomba la unene wa 2.77 hiyo ni zaidi ya nusu ya ukuta, na kuikubali eti kwa kuwa kitabu kinairuhusu si busara. Bomba moja huzungushwa taratibu dhidi ya lingine mpaka pande zilizobonyea zikutane na pande zilizobonyea. Katika kazi nzima hakuna hatua yenye gharama ndogo kuliko hiyo, na wasiojua hudhani fundi anacheza.

Ndani ya bomba ndiko kunakofichua tofauti kati ya stenlesi na chuma cha kawaida. Nje, argoni inayotoka kwenye tochi ya TIG, ile ya kuchomelea yenye ncha ya tangsteni, huufunika mshono. Upande wa ndani hakuna tochi; pale chuma kilichoyeyuka hukutana na hewa yenye oksijeni asilimia 21, na kromi huungua. Hutokea ukoko mweusi wenye chengachenga, mithili ya sukari iliyoungulia sufuriani. Ukoko huo una mianya, hauna utando wowote wa maana, na ndani ya bomba lililokwisha kufungwa hakuna brashi itakayoufikia. Kwa hiyo, kabla ya moto, hewa iliyomo hufukuzwa kwa argoni.

Argoni ni nzito kuliko hewa, karibu mara 1.4. Ndiyo maana huingizwa chini na hewa hutolewa juu, polepole. Ikiingizwa kwa kasi huchanganyika na hewa na kuipunguza tu, haiifukuzi. Ujazo wa bomba hubadilishwa mara kadhaa, kwa desturi mara tano hadi kumi. Hesabu yake ni nzuri kuifanya. Bomba la inchi 4 la 10S, lenye kipenyo cha nje cha 114.3 na unene wa 3.05, hubeba lita 9.2 kwa kila mita. Likiwa na urefu wa mita 6, hiyo ni lita 55. Kuzibadilisha mara kumi kwa lita 10 kwa dakika huchukua dakika 55 na lita 550 za gesi, na mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa bar 200 unatoa kama lita 10,000 tu. Kwa maungio ya bomba zima mtungi unaisha upesi. Dawa ni kuweka vizuizi viwili karibu na mshono, sentimita 30 kila upande, ili kijazwe chumba kidogo tu. Hapo ujazo unashuka hadi lita 5.5, na dakika sita zinatosha. Penye njia ya kuvitoa, vizuizi vya mpira au sponji huvutwa kwa kamba. Pasipo na njia hutumika karatasi maalumu inayoyeyuka kwenye maji, ambayo huondoka bomba linapooshwa mara ya kwanza. Magazeti yaliyokunjwa, yanayoonekana mara nyingi mno, hutoa unyevu na moshi, na siku moja huziba valvu.

Kiasi cha oksijeni kilichobaki hupimwa, hakikisiwi. Kwa mabomba ya kawaida ya viwandani, chini ya asilimia 0.1, yaani sehemu 1,000 kwa milioni, huhesabiwa kuwa kikomo cha kukubalika. Kwa maziwa na dawa hutafutwa chini ya sehemu 50. Chama cha wachomeleaji cha Marekani, AWS, kina chati iitwayo D18.2 inayoonyesha kwa picha jinsi rangi ya ndani ya mshono inavyobadilika kadiri oksijeni inavyopanda kutoka sehemu 10 hadi 25,000 kwa milioni, kutoka rangi ya fedha hadi weusi. Karakana isiyo na kipima oksijeni inaweza kuchomelea kipande cha majaribio, ikakipasua katikati na kukitazama. Rangi haitasema uongo, ingawa husema kwa kuchelewa. Na argoni haina harufu. Katika shimo au chumba kisicho na hewa hukaa chini, na aliyeinama humo hupoteza fahamu bila kukohoa hata mara moja, kwa hiyo mtu hasimami peke yake mahali pa namna hiyo.

Vishikizo hupigwa gesi ikiwa tayari imo ndani. Hili husahauliwa: fundi hushikiza kwanza, kisha hufukuza hewa, na sukari nyeusi hubaki chini ya kila kishikizo, tayari kuzikwa ndani ya mshono mzima. Kwa sababu chuma hiki hutanuka sana, vishikizo huwa vingi na vya karibu kuliko kwenye chuma cha kawaida, na hupigwa kwa kukabiliana: juu, chini, kushoto, kulia. Kikipigwa kimoja kisha cha pembeni yake, mwanya wa upande wa pili hufunguka au kufungwa. Ncha mbili za kila kishikizo husagwa ziwe mteremko, ili mshono unapofika upande juu yake bila kuacha shimo. Kama pana ufa, kishikizo chote huondolewa, hakichomelewi juu.

Mwanya unaobaki kati ya vishikizo huzibwa kwa mkanda wa alumini au wa karatasi usioacha gundi nyingi, na fundi hubandua sentimita chache tu mbele ya tochi kadiri anavyosonga, huku barakoa yake ikiwa imekaa sawa, maana moshi wa stenlesi hubeba kromi ya aina inayodhuru mapafu, na mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la visababishi. Mtiririko wa argoni hupunguzwa sentimita za mwisho za shina, yaani tabaka la kwanza la chini ya mshono, zinapokaribia kufungwa, kwa sababu gesi iliyokosa pa kutokea husukuma bwawa kuelekea nje na kuacha shina limebonyea. Baada ya hapo gesi haifungwi. Tabaka la pili bado hulipasha shina joto la kutosha kuliunguza kwa ndani, kwa hiyo kwa mabomba ya unene wa kawaida argoni huachwa ikipita mpaka tabaka hilo limalizike na ungio limepoa.